Shuka Ilirudi Imepigwa Pasi

Saa nne asubuhi, soko la Konyokonyo limeshajaa, mwanamume mmoja mrefu alikuwa anapita kwenye vibanda vya vitambaa akipiga makofi. Anasimama mbele ya blanketi, anainamisha sikio, pap, anatikisa kichwa. Anakwenda kwenye pazia, pap, anatikisa kichwa tena. Wauzaji walimpisha. Juba imeona mengi, na mtu anayepigia mapazia makofi si wa ajabu kuliko wote.

Kibanda cha mwisho kilikuwa chini ya turubai la buluu. Msichana aliyekaa pale alikuwa anadarizi shuka nyeupe iliyobanwa kwenye duara la mbao, na hakuinua macho.

"Wewe nafukuza nzi?"

"Nasikiliza."

"Nguo nasema nini?"

"Hii pazia inasema uongo. Inajifanya nzito."

Hapo ndipo akamtazama. Jamaa alivaa fulana nyeusi iliyopauka mabegani, kandambili, na shingoni amening'iniza vifaa vya masikioni vikubwa kama vya rubani. Yeye msichana alivaa gauni la kitenge la njano, nywele amesuka mistari, na kidole cha shahada kimejaa alama ndogo ndogo za sindano.

Msichana aliitwa Scovia. Kwao ni Kajokeji, lakini vita vilimkuzia Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko huko. Mwanamume ni Lam, Mnuer wa Nairobi, mtaa wa Kayole, aliyerudi Juba miaka minne tu. Mchana alikuwa anafunga spika na maikrofoni za semina kwenye hoteli moja ya Amarat. Saa zilizobaki alikuwa anajifungia chumbani kwake Hai Mauna na kompyuta.

"Mimi hutengeneza muziki," alisema. "Chumba changu ni mabati pande zote. Nikigonga meza, sauti inaenda, inarudi, inaenda tena. Natafuta nguo ya kuimeza."

"Wewe naimba kwaya gani?"

"Siimbi. Ni kompyuta. Niko peke yangu."

"Hata mtu ya ngoma hapana?"

"Ngoma ni mimi, gita ni mimi, kila kitu ni mimi."

"Sasa wewe nagombana na nani?"

Lam akainama na kupiga kofi karibu na shuka ya mapajani mwa Scovia. Nyuzi zilikuwa zimejaa, petali juu ya petali, mabawa ya ndege yakiwa nene kama zulia, na kofi lile lilizama mle ndani kama jiwe kwenye unga.

"Hii. Hii ndiyo yenyewe. Bei gani?"

"Hiyo hapana uza."

"Si iko sokoni?"

"Mimi pia iko sokoni. Unauliza bei?"

Lam akaona haya mpaka shingoni. Alinunua blanketi mbili kuukuu kibanda cha jirani, na akaondoka na namba ya simu ya Scovia, ati akipungukiwa na blanketi apige. Hakupungukiwa na blanketi. Alipiga kabla jua halijazama.

"Halo, mtu ya makofi," Scovia akasema.

"Umejuaje ni mimi?"

"Nani mwingine napiga simu halafu nanyamaza?"

"Nilikuwa nasikiliza. Hapo nyuma kuna nini, kama tup, halafu shiii?"

"Sindano. Inatoboa, uzi inavutika."

"Rudia tena."

"Wewe iko sawa, kichwa?"

"Rudia tu, mrembo. Tafadhali."

Akarudia. Upande wa pili mwanamume mzima alikuwa amefumba macho.

Basi ikawa hivyo. Jumapili baada ya ibada Scovia alikuwa anakwenda Hai Mauna na duara lake la mbao, akikaa mlangoni pamoja na Nyagach, shangazi yake Lam, anayekaanga kahawa na tangawizi kwa majirani wa karakana. Mama yake Scovia, Mama Betty, alijua, na alikubali kwa sababu ya huyo shangazi. Lam alikuwa anaweka maikrofoni karibu na kitambaa, karibu kabisa, mpaka Scovia anacheka.

"Hii kitu nataka kula mkono yangu."

"Usiongee. Shona."

"Mimi hapana weza shona bila kuhesabu."

"Hesabu basi."

Akahesabu mishono kwa Kiarabu cha Juba, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Wahid, itnin, talata. Tup, shiii. Wahid, itnin, talata.

Ilichukua miezi minane shuka kuisha. Ilikuwa na ndege saba, maua ya rangi ya machungwa pembeni, na jani moja la kijani ambalo Scovia alilifumua mara tatu hadi likamridhisha. Siku alipoikamilisha aliikunja, akavaa lile gauni la njano la siku ya kwanza, akaenda nayo Hai Mauna.

"Hii ya ukuta yako," alisema.

"Kweli? Ile uliyosema haiuzwi?"

"Sijauza. Nakupa."

"Aki asante, Scovia. Nitaitunza sana."

Scovia alisubiri kama atasikia neno lingine. Lam alikuwa ameshashika nyundo na misumari.

Sasa ni lazima nieleze, maana bila hili hakuna atakayeelewa. Kwao Scovia, nyumbani kwa mama yake na bibi yake, shuka ya mkono wa msichana haitolewi hovyo. Ikiingia nyumba ya mwanamume, msichana ameshasema lake, na wala hasemi kwa mdomo. Mwanamume akiipokea naye amesema. Kinachobaki ni wazee wake kuja kuketi. Mama Betty alimpa marehemu mume wake shuka namna hiyo hiyo, na kabla mwezi haujaisha wajomba walikuwa mlangoni. Scovia hakudhani hata mara moja kwamba kuna mtu asiyelijua jambo hili. Na Lam alikulia chumba kimoja Kayole, ambako shuka hununuliwa soko la Gikomba na kazi yake ni kulaliwa. Kwa vile ilikuwa haiuzwi, yeye alielewa kaazimwa kitu cha kuzuia mwangwi.

Akakitundika ukutani. Akapiga kofi. Pap, kimya. Kwa mara ya kwanza chumba kile kilinyamaza.

Ndani ya wiki mbili akamaliza wimbo. Aliuita "Sindano". Ngoma yake ni ile tup, upepo wake ni ile shiii, chini yake kuna jenereta ya karakana aliyoipunguza mwendo mpaka ikawa besi, na katikati sauti ya msichana ikihesabu. Alimpa Opio, Mganda anayepiga muziki Ijumaa kwenye hoteli ile ile ya Amarat.

"Huyu anahesabu nini?" Opio akauliza.

"Mishono."

"Watu hawatacheza."

Watu walicheza. Ijumaa ya kwanza walicheza wakiwa hawajui wanacheza nini, wengine wanauliza mguu unakwenda wapi. Ijumaa ya tatu waendesha bodaboda walikuwa nao kwenye simu. Mwezi wa pili redio moja ikaupiga asubuhi na jioni, na watoto wa Hai Jalaba wakawa wanaruka kamba kwa wahid, itnin, talata. Kisha ikaja barua pepe kutoka Nairobi: jukwaa, miezi mitatu, tiketi ya ndege imelipwa, aondoke Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Lam alilelewa kwa adabu. Huondoki mjini ukiwa na vitu vya watu. Akaishusha shuka ukutani, akaifua kwa mikono yake, akaipiga pasi ya mkaa upande wa nyuma ili nyuzi zisilale, akaifunga kwenye karatasi mpya, akanunua sukari kilo tano ya kushukuru. Alikuwa anajivunia hiyo pasi. Akaenda Konyokonyo. Scovia alikuwa ameenda kununua uzi. Akamkuta Mama Betty.

"Shikamoo, mama. Nimeleta shuka ya Scovia."

Mama Betty akaangalia furushi, akaangalia sukari. "Wewe narudisha?"

"Ndiyo, mama. Imenisaidia sana. Sasa nimemaliza nayo."

Mama Betty akapokea, kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea habari ya msiba.

"Sawa," alisema. "Nenda."

Lam akaenda akipiga mluzi.

Jioni akapiga simu. Haikupokelewa. Kesho yake, haikupokelewa. Akatuma ujumbe wa sauti: "Scovia wangu, uko sawa? Nimekosa nini? Niambie hata kama ni matusi." Ukasikilizwa, haukujibiwa. Siku ya tano simu ikapokelewa.

"Scovia?"

"Sukari tumepokea," alisema, na akakata.

Lam akabaki ameishika simu. Aliipindua kama vile maana imeandikwa nyuma. Sukari imepokelewa: hiyo ni shukrani au ni ugomvi? Alijaribu kulisikia neno lile tena kichwani, kama anavyosikiliza pazia, lakini halikumwambia kitu.

Na Scovia naye, msidhani alikuwa na hakika zaidi. Amekataliwa, hilo alilijua; shuka imerudi imefuliwa, harufu yake na ya yule mwanamume zote zimetolewa kwa sabuni. Lakini akienda kusaga unga, sauti yake inatoka kwenye simu ya mwenye mashine. Akipita kituo cha bodaboda, anajisikia anahesabu. Jirani amesimama anapepeta mchele huku anamwimbia Scovia sauti ya Scovia, bila kujua.

"Mama, kama yeye nakataa mimi," aliuliza, "mbona natembea na mdomo yangu?"

"Mimi hapana jua watu ya kompyuta," Mama Betty akasema. "Mimi najua shuka. Iliyorudi hapana lala hapa ndani. Kuna bibi arusi ya Gudele, nakuja Jumamosi kununua."

Scovia akachukua wembe akaanza kufumua. Ndege wa kwanza alimfumua kwa hasira. Wa pili kwa machozi. Wa tatu na wa nne hakujua ni kwa nini, mkono ulikuwa umeshazoea. Wa tano alipomfikia, Mama Betty akamnyang'anya wembe, akasema hata bibi arusi wa Gudele ana macho.

Upande wa Hai Mauna chumba kilikuwa kimeanza kupiga kelele tena. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Lam alikuwa anakunja waya zake na kila alichogusa kilimrudia kutoka kwenye mabati. Nyagach alikuwa mlangoni na kahawa yake.

"Kalam shinu?" aliuliza, yaani kuna nini. "Wimbo wako umejaa mji, na wewe uso kama wa mtu aliyeibiwa mbuzi."

"Shangazi, Scovia ameniacha na sijui kwa nini. Nilimrudishia shuka, tangu siku hiyo haongei."

"Ulirudisha nini?"

"Ile shuka ya ndege. Nilifua, nikapiga pasi, nikapeleka na sukari."

Nyagach akaweka birika chini polepole.

"Lam. Yule msichana alikushonea shuka miezi minane mlangoni kwangu. Ulidhani anashona kwa sababu ya mwangwi?"

"Alisema ni ya ukuta."

"Na ulitaka aseme ni ya nini? Ya kitanda? Mbele yangu?" Akamweleza, neno kwa neno, kama nilivyowaeleza ninyi. Kisha akaongeza: "Pale ulipaswa upeleke habari ya ng'ombe. Ukapeleka sukari. Watoto wa Nairobi mnafua kila kitu."

"Sasa wewe ulijua, na hukuniambia?"

"Nilijua kuwa unajua. Nani asiyejua?"

Lam akakaa juu ya sanduku la spika. Alikumbuka vile alivyosema nimemaliza nayo. Alikumbuka mluzi.

Jumamosi ndege ilikuwa saa saba mchana. Saa tatu walikuwa Konyokonyo, Nyagach mbele amevaa lawa yake ya zambarau, ile nguo ya kufunga bega moja ya siku za heshima. Lam nyuma na begi mgongoni. Chini ya turubai la buluu shuka ilikuwa imetandazwa juu ya meza, imekunjwa nusu, ndege watatu kwa juu. Bibi arusi wa Gudele, Akuac, alikuwa anaipapasa ukingo.

Scovia akamwona Lam. Akashusha macho kwenye uzi.

"Scovia."

"Mteja iko hapa. Subiri."

Maneno yote Lam aliyoyapanga njiani yalikuwa yamechanganyika, ya kuomba radhi yamekaa juu ya ya mapenzi. Basi akafanya alichojua. Akainama juu ya meza, akapiga kofi.

Akuac akaruka nyuma. "Huyu ni nani?"

Lam akapiga tena, akasogeza sikio upande wa mkunjo wa chini.

"Imepungua," alisema. "Kuna ndege wametoka. Watatu... hapana. Wanne."

Scovia akainua macho. Sehemu iliyofumuliwa ilikuwa imekunjiwa ndani, hakuna aliyekuwa ameiona, hata mnunuzi.

"Wewe najuaje?"

"Nililala miezi karibu mitatu pembeni ya hii shuka. Naijua kama naijua pumzi yangu. Scovia, sikujua. Naapa, sikujua maana yake. Nilidhani nimeazimwa."

"Hukujua," Scovia akasema, "au hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Na sauti yangu? Mji mzima nahesabu na mimi. Hiyo pia wewe hapana uliza. Shuka nilikupa, wewe narudisha. Sauti sijakupa, wewe nabaki nayo. Mimi nalala, nafikiri, huyu mtu nataka mimi ama hapana taka? Mpaka leo sijui. Wewe najua?"

Hilo swali lilimpiga Lam mahali pake. Maana alipoiweka sauti ile kwenye wimbo hakuwa amefikiri juu ya mtu, alikuwa amefikiri juu ya wimbo. Alijaribu kutafuta ni lini ile sauti iliacha kuwa sauti nzuri na kuwa Scovia, na hakuipata siku.

"Nilikuwa sijui," alisema. "Nilijua siku chumba kilipoanza kelele tena. Nikajua siogopi kelele. Naogopa ukimya wako. Kama unataka, nitaitoa sauti. Nitapiga simu sasa hivi, wimbo ubaki bila wewe."

"Wimbo bila mimi ni nini?"

"Jenereta."

Akuac wa Gudele akacheka, akajizuia. Scovia naye mdomo ulitaka kumsaliti.

"Hapana toa," alisema. "Lakini watu wajue ni ya nani. Jina yangu yote. Scovia Keji."

"Nitaandika mbele ya langu."

"Nyuma inatosha. Mimi hapana taka kelele."

Nyagach akamgeukia Mama Betty, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Scovia, malesh, tusamehe. Mtoto wetu hakulelewa na shuka, alilelewa na mabati. Kaka zangu wako Bentiu. Wakija, mtatupa viti?"

Mama Betty alimtazama Lam kuanzia kandambili hadi nywele.

"Na sukari?"

"Sukari haitakuja," Nyagach akasema. "Kitakuja kinachotembea kwa miguu yake."

"Viti iko," Mama Betty akasema.

"Samahani," Akuac akauliza, "sasa mimi nauziwa ama siuziwi?"

"Hiyo hapana uza," Scovia na mama yake wakasema pamoja.

Scovia akaifunua shuka yote. Mahali pa ndege wanne palikuwa na matundu madogo madogo ya sindano, yamekaa kwa umbo la mabawa, ukiangalia kwenye mwanga unawaona. Hakuwa na muda wa kushona. Ndege ya kweli ilikuwa inasubiri uwanjani. Akaikunja bila kuinyoosha, akaisukuma ndani ya begi la Lam, juu ya kompyuta.

"Upande ya nyuma, ya mafundo, ndio naangalia watu," alisema. "Ndege naangalia wewe. Hiyo si ya kila mtu."

"Na hao wanne?"

"Uzi yao ninayo. Wazee yako wakiketi, naanza wa kwanza kwa kitambaa ndogo, wewe ukirudi nabandika hapo."

"Na wasipokubaliana?"

"Basi utakuwa na shuka ya ndege watatu, na mimi nitakuwa na uzi. Sijui, Lam. Mimi pia sijui. Nenda, utaachwa."

Akaenda. Safari hii hakupiga mluzi.

Nairobi walimpa jukwaa lenye taa, kipaza sauti kirefu, na watu ambao hawajawahi kusikia Hai Mauna. Alitundika shuka nyuma yake kama alivyoelekezwa, mafundo kwa watu. Wengi walidhani ni ramani. Wimbo ulipoanza, kwenye ukuta lilitokea jina Scovia Keji, na watu mia tano wa Nairobi wakahesabu kwa Kiarabu cha Juba bila kujua wanahesabu nini.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Halo, mtu ya makofi."

"Scovia wangu. Wazee wamefika?"

"Wamefika. Wanabishana tangu jana, mama amepika mara tatu. Mimi hapana elewa kitu, wananitoa nje. Wanacheka, halafu wanakasirika, halafu wanacheka."

"Hiyo ni nzuri ama mbaya?"

"Mimi hapana jua." Nyuma ya sauti yake Lam akaisikia: tup, shiii.

"Scovia, unashona nini?"

"Wewe shuka umefua?"

"Hapana. Ina vumbi, na mtu amemwagia soda kwenye kona."

"Usifue," alisema.

Tup. Shiii.